Mtaa Aliomchagulia Mama Yake

Barua ya uhamisho ilimkuta juu ya ngazi, anasoma mita ya maji ambayo mtu mmoja asiye na akili aliifunga karibu na dari. Aliisomea huko huko juu, tochi kaibana kwapani. Alikuwa na miaka kumi na saba katika ukaguzi wa mita, na sasa idara ilikuwa inampandisha cheo na kumpeleka mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, akasimamie ukaguzi wa kanda mpya. Wenzake walimwita Spana kwa sababu spana yake ndogo haikumtoka mfukoni, iwe kazini, iwe msibani.

Spana hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama. Mama mwenyewe alikuwa amekula chumvi ya kutosha, miaka sabini na mitatu, nyonga zimechoka, anatembelea mkongojo, ila mdomo ulikuwa bado mpya. Maisha yake yote aliuza vifungo na nyuzi kwenye kibanda, na watu walikuwa wakija kununua kifungo kimoja, wanaondoka baada ya saa nzima. Walimpa jina la Bibi Redio. Alianza kuongea kabla hajavaa kandambili asubuhi, na asipopata mtu aliongea na sufuria.

"Nipeleke popote," alimwambia binti yake alipopewa habari za kuhama. "Hata jela nipeleke. Ila pawe na watu."

Spana alitangulia peke yake kwa wiki tatu. Alipanga chumba kwenye nyumba ya wageni, na kila siku akitoka kazini alizunguka mji ule kwa miguu kutafuta pa kuishi. Alitafuta kama alivyokagua mita, taratibu, bila kumwamini mtu. Alihesabu hatua kutoka barabarani hadi mlangoni. Alipapasa kuta kama zina unyevu. Alisimama mbele ya nyumba tupu akasikiliza.

Kwanza alikwenda kwenye kota za idara, juu kilimani pembeni ya matangi. Nyumba nzuri, ukuta mrefu, geti na mlinzi. Alisimama pale tangu saa kumi hadi saa kumi na moja, akasikia mbwa mmoja na mlango mmoja wa gari. Akamwona mama yake kwa macho ya moyo, amekaa kwenye sebule ile anahadithia pazia.

Kisha akaenda kwenye magorofa mapya karibu na hospitali. Palikuwa na nafasi ghorofa ya tatu. Alipanda ngazi akizihesabu. Zilikuwa hamsini na nne. Hakuuliza hata jikoni ni wapi.

Mtaa wa tatu ulikuwa nyuma ya soko. Nyumba za zamani za matofali zimepangwa safu mbili, zinatazamana kwa uchochoro wa saruji, zimebanana hivi kwamba mtu angeweza kumpa jirani chumvi dirishani bila kunyanyuka. Kila nyumba ilikuwa na kibaraza na vidaraja vitatu vya kushukia. Na kwenye vibaraza wanawake walikuwa wamekaa na kazi zao: huyu anachambua mboga, yule anasuka nywele, mwingine anapiga pasi, wote wanaongea kwa wakati mmoja na wote wanasikilizana.

"Dada, mbona unazunguka kama umepotelewa na kuku?" sauti ikamwita. "Njoo ukae, miguu si chuma."

Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene, utepe wa kupimia shingoni, pini mbili mdomoni ambazo hazikumzuia kuongea. Spana akakaa kwenye kigoda. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshajua nani kaachika, nani karudiwa, na kwamba nyumba iliyoshikana ukuta na ya fundi ilikuwa tupu tangu mwezi uliopita.

"Una nani?" fundi akamuuliza.

"Mama tu. Mzee. Anapenda sana kuongea."

"Mlete! Hapa asiyeongea ndiye tunampeleka hospitali."

Wote wakacheka, na Spana akacheka nao. Ndipo macho yake, kwa mazoea, yakashuka kwenye mita iliyokuwa chini ya kibaraza cha nyumba ya pili. Mwenye nyumba ile alikuwa anajaza pipa la pili kwa mpira, maji yanatoka kwa kishindo. Sindano ya mita imelala. Akatupa jicho nyumba inayofuata. Nako vilevile, ndoo zinajaa, sindano haijui. Kwa mtu wa miaka kumi na saba kazini, hilo halikuhitaji maelezo. Chini ya saruji ile palikuwa na bomba la pembeni, limeungwa na bomba kuu kabla ya mita, na mtaa mzima ulikuwa unakunywa kwalo.

Aliangalia mita. Akamwangalia fundi cherehani anavyocheka, akakiangalia kigoda. Akainua kikombe akanywa chai yake.

Kesho yake alimwambia meneja wa kanda kwamba amepata nyumba. Meneja alikuwa mwanamume mwembamba, mpole wa sauti, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza neno.

"Chukua kota, dada," alisema. "Ukikaa katikati ya watu unaowakagua, siku moja utawakuta kazini. Na wao watakukuta."

"Mama yangu anahitaji watu, bosi."

"Shauri yako," meneja akasema, akarudi kwenye makaratasi yake.

Kabla ya kumleta mama, Spana alimwita fundi bomba wa mbali, wakachimba nyuma ya nyumba aliyopanga, wakakata mchepuko wa wizi uliokuwa unaingia humo, wakaunga bomba halali. Kuanzia siku hiyo mita yake ilizunguka. Kuhusu zile nyingine alijiambia hajaona kitu. Alijiambia hivyo kila asubuhi akishuka vile vidaraja vitatu, na baada ya muda hakuhitaji tena kujiambia.

Miezi minne mama yake aliishi kama mtu aliyerudishiwa ujana. Alikuwa anaamka, anaoga, anavuka kwenda kibaraza cha fundi cherehani, anakaa kwenye kigoda kile na kushona vifungo vya nguo za wateja bila kuombwa. Mikono yake ilijua kazi hiyo hata gizani. Alimwita fundi "mwanangu." Fundi alikuwa na binti aliyekuja kwake kujifungua, na Bibi Redio ndiye aliyekuwa anambembeleza mtoto kwa hadithi za kibanda chake, hadithi ambazo zilikuwa hazina kichwa wala miguu na kila siku zilibadilika mwisho. Wateja walianza kuja bila nguo za kushona.

"Umenileta nyumbani," alimwambia Spana jioni moja. "Sikujua kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani mahali ambapo hajawahi kuishi."

Mwezi wa tano meneja alimwita Spana ofisini. Mezani palikuwa na ramani ya mabomba, na juu ya uchochoro wa nyuma ya soko palikuwa na duara la kalamu nyekundu.

"Tumepitisha kile chombo cha kusikiliza mabomba," meneja akasema kwa sauti yake ile ya chini. "Nyumba thelathini na moja. Mtaa wako. Wewe ni mkaguzi mkuu, umelala pale miezi minne. Hukuona?"

Spana akaliangalia lile duara jekundu.

"Nimeangalia mita zote. Yako peke yake ndiyo inazunguka. Ingekuwa imelala ningesema labda ni mzembe. Lakini inazunguka. Kwa hiyo uliona, ukajisafisha wewe, ukafunga mdomo." Alikunja ramani kwa uangalifu, kona kwa kona. "Kesho saa nne asubuhi tunakata. Utaongoza wewe mwenyewe. Ukishindwa, ripoti ya wizi itaanza na jina lako."

"Bosi, nitume mtaa mwingine wowote. Mpe kazi hii mtu mwingine."

"Wapo wengine. Nataka wewe."

Jioni ile Spana alirudi akakuta mama yake na fundi cherehani wanacheka mpaka wanafutana machozi, kwa sababu mteja mmoja amerudisha suruali akidai imesinyaa, kumbe yeye ndiye kanenepa. Wakamvutia kigoda. Akakaa nao. Alikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja tu: jazeni maji. Wangejaza mapipa, masufuria, mabeseni, wangejipanga. Alifikiria meneja angejuaje. Angejua. Akanyamaza, akala, akalala.

Saa nne asubuhi gari la idara likaingia uchochoroni likiwa na vijana wawili wa mabomba, sururu na msumeno wa chuma. Spana alikuwa amevaa koti la kazi. Wanawake walikuwa kwenye vibaraza vyao, na mwanzoni walimpungia mkono.

"Chimbeni hapa," Spana akasema.

Saruji ilipasuka upesi. Bomba la pembeni lilikuwa chini kidogo tu, jembamba, jeusi, limelala pale kama kamba. Kelele za vibarazani zikakatika. Fundi cherehani akashuka vidaraja vyake na utepe shingoni.

"Spana," akasema. Jina hilo alilijua kutoka kwa mama mtu. "Unafanya nini?"

"Kazi, dada."

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Muongo. Wewe mtu wa maji, ujue jana tu? Ulijua siku ile ile ulipokaa kwangu ukanywa chai. Chai ile ilipikwa kwa maji gani?" Hakupaza sauti. "Na jana jioni umekaa hapa, mkono wako kwenye sahani yangu. Ulishindwa hata kukohoa? Nina mzazi ndani. Nina mtoto wa miezi miwili."

Vijana wa mabomba waliacha kuchimba, wakamtazama mkuu wao.

"Kateni," akasema.

Mama yake alikuwa kwenye kigoda, shati la mtu mapajani, sindano mkononi. Alitazama msumeno ukienda na kurudi mpaka bomba likaachia. Maji yaliruka kidogo yakakoma. Kisha akamtazama fundi cherehani, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Spana alimwona mama yake amekosa la kusema.

Maji yakawa yanapatikana kwenye bomba la umma, hatua mia sita kupanda kilima na mia sita kushuka. Walioweza kutuma watu walituma, wasioweza walibeba. Fundi cherehani alibeba. Cherehani yake ilikuwa kimya mpaka saa tano kila siku.

Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyemtukana Spana wala kumtupia jiwe. Waliacha kuongea tu, na hawakuacha kuongea na Spana peke yake, waliacha na mama yake pia. Kesho yake bibi alipovuka na mkongojo wake alikuta kigoda kimeingizwa ndani. Akasimama chini ya kibaraza.

"Mwanangu, umeamkaje? Mtoto kalala vizuri?"

Fundi akakanyaga pedali ya cherehani.

"Nimekuja kumalizia lile shati. Vifungo viwili vilibaki."

Pedali ikaendelea. Bibi akasubiri kitambo, akicheka kidogo peke yake kana kwamba ni mzaha ambao ataelezwa baadaye. Kisha akageuka, akapanda vidaraja vyake kimoja kimoja. Siku iliyofuata alijaribu nyumba ya ng'ambo. Siku iliyofuata akajaribu kumsalimia kila aliyepita. Watu walimpita kama wanavyopita nguzo.

Kumnyima Bibi Redio maneno ilikuwa ni kumnyima chakula, na wao walijua. Ndiyo maana walifanya hivyo. Spana wangemfanya nini? Yeye alishinda kazini, hakuwa mtu wa soga. Mahali pa kumuumiza walipajua, na palikuwa pamekaa pale pale kila siku tangu asubuhi hadi jioni, na mkongojo.

Spana alimwambia mama yake wahame. Nafasi kwenye kota ilikuwa bado ipo.

"Tukihama leo watasema tulikuja kuwakatia maji tukaondoka," mama akajibu. "Watanirudia. Watu hawawezi kukaa kimya milele, inachosha."

"Mama, hawa wana hasira."

"Ungekuwa umewaambia usiku ule, mwanangu, wangekuwa na hasira na meneja." Akasema hilo bila ukali, akageukia ukuta. Tangu siku hiyo hakulirudia, na Spana hakupata hata usiku mmoja ambao hakulisikia.

Bibi akaanza kuongea na ukuta alioshirikiana na fundi. Aliweka kiti karibu nao, mdomo karibu na matofali, akahadithia. Alijua upande wa pili wanasikia, kwa sababu yeye alikuwa akimsikia mtoto akilia.

Wiki ya tatu akapata wazo. Nyumba yao ilikuwa na maji, ya halali, bombani. Asubuhi moja, Spana alipokwishaondoka, bibi alijaza kindoo kidogo, akakibeba mkono mmoja na mkongojo mkono wa pili, ampelekee fundi maji ya kumwogeshea mtoto. Aliteleza kwenye kidaraja cha pili. Ilikuwa kama saa tatu. Akaanguka uchochoroni chali, nyonga ikalia mlio ambao baadaye alisema ulifanana na kuni kavu.

Spana alirudi saa nane mchana, kwa sababu jua lilikuwa kali na kazi ya nje iliahirishwa. Kama si hivyo angerudi saa kumi na moja. Alimkuta mama yake palepale, mguu umegeukia upande usiofaa, kindoo kimebingirika hadi mfereji wa maji machafu, saruji imekwishakauka. Midomo ilikuwa imempasuka. Juu ya uso wake palikuwa na kitambaa cha maua madogo ya zambarau, kipande kilichokatwa kwa mkasi mzuri, kimekunjwa mara mbili kuzuia jua.

Kwenye vibaraza hapakuwa na mtu. Milango ilikuwa imerudishwa. Mahali fulani redio ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu.

"Nimewaita," mama akasema Spana alipoondoa kitambaa. "Nimewaita wote, nyumba kwa nyumba. Labda wamekwenda kuteka maji."

Spana alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya mgongo wa mama yake, na alipomwinua, yule mwanamke ambaye maisha yake yote alipiga kelele hata akichomwa na sindano, hakutoa sauti.

Hospitali walisema nyonga imevunjika mahali pabaya, na kwamba kulala muda mrefu kwa umri ule si kuzuri. Waliposema hivyo walikuwa wanamwambia Spana kila kitu. Mama alilala wodini siku kumi na tisa. Siku za mwanzo aliwaongelesha wagonjwa wa vitanda vya jirani, akawasimulia mtaa wake: uchochoro, vibaraza, mwanangu fundi cherehani na mjukuu wangu mchanga. Muuguzi alidhani ni ndugu wa damu.

"Hawajaja?" alimuuliza Spana siku ya saba.

"Walikuja asubuhi, mama. Ulikuwa umelala."

"Na fundi?"

"Alikuwa wa kwanza."

"Alisema nini?"

Spana hakujiandaa kwa swali hilo. "Alisema kigoda chako kipo."

Mama akatabasamu, akamtazama binti yake muda mrefu. Bibi Redio alikuwa ameuza vifungo miaka arobaini, na mtu anayemdanganya alimjua kabla hajamaliza sentensi. Hakuuliza tena. Siku ya kumi na tano homa ya mapafu ikamwingia, na siku ya kumi na tisa, mchana, akafa huku anahangaika kusema kitu ambacho kifua hakikumruhusu.

Waliomzika walikuwa watu kumi na mmoja, tisa wakiwa wa idara. Kutoka mtaani hakuja mtu.

Meneja alimpa Spana pole na likizo, akamwambia kota bado ipo. Spana akakataa. Alisema nyumba yake inamtosha. Akarudi kuishi pale pale, ukuta mmoja na fundi cherehani, na kila jioni aliosha vidaraja vyake kwa mpira, maji mengi, taratibu, mpaka wote wakaona.

Mwezi uliofuata idara ikaruhusu nyumba zile ziombe maji halali. Kila mwenye nyumba alijaza fomu, akachimba mfereji wake, akalaza bomba, na mkaguzi akaja kupima kabla ya kufungua. Mkaguzi alikuwa Spana. Alipita nyumba kwa nyumba na kipimo chake na hakumwonea mtu. Alizipitisha nyumba thelathini ndani ya wiki mbili. Wengine walianza kumsalimia. Mwanamke wa nyumba ya pili alimwambia pole, kwa sauti ndogo, akiangalia chini.

Fomu ya fundi cherehani aliirudisha. Aliandika: kina cha bomba hakitoshi. Fundi akachimba upya. Akaandika: kiungo si cha aina inayokubalika. Fundi akabadilisha kiungo. Akaandika kwamba mita imesogea karibu mno na ukuta. Kila sababu ilikuwa ndani ya kitabu cha kanuni, na kila moja, ukitaka kuwa mkali, ilikuwa kweli. Nyumba nyingine thelathini zilikuwa na makosa yale yale.

"Kuna moja imekwama," meneja alimwambia siku moja. "Miezi sita. Kuna tatizo?"

"Fundi wao mbovu, bosi."

Meneja akamtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwenzake. "Basi wahimize," akasema.

Miezi sita ikawa tisa. Binti wa fundi alichoka akamchukua mtoto akarudi kwa mumewe. Fundi akabaki peke yake na hatua zake mia sita. Mgongo ukaanza kumuuma, na mgongo wa mshonaji ukiuma kola zinakwenda upande. Wateja wakapungua. Majirani waliokuwa na maji walimpa siku za mwanzo, kisha wakaanza kuogopa fomu zao zisije zikapata kasoro, wakaacha.

Mwezi wa kumi fundi cherehani alikuja ofisini. Alikuwa amekonda, utepe wa kupimia ulimning'inia shingoni kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akakaa bila kuambiwa.

"Tulisikia," akasema. "Nimekuja kukwambia, kwa sababu najua ndicho unachongoja. Tulisikia tangu alipoita mara ya kwanza."

Spana aliweka kalamu chini.

"Nilikuwa nakata vitambaa. Nikasema jirani wa ng'ambo atatoka. Na yeye, aliniambia baadaye, alisema mimi nitatoka. Akaita mara ya pili. Nikasema ngoja aonje kidogo, kisha nitoke. Halafu ikawa muda umepita, na nikaona aibu kutoka baada ya muda wote ule. Unanielewa? Kila dakika ilikuwa inafanya kutoka kuwe kugumu zaidi."

"Kitambaa," Spana akasema.

"Jua lilipofika juu nilitoka. Nikamfunika uso. Alinijua kwa mikono. Akaniambia, asante mwanangu, nikajua tu ungekuja. Nikasimama pale." Akaushika ule utepe shingoni. "Nikarudi ndani."

"Ukafanya nini?"

"Nikashona."

"Ulishona nini?"

"Gauni la mtu. Gauni lenyewe lilikuwa la kitambaa kile kile." Akaanza kulia, kwa kishindo, kama mtu aliyebeba ndoo muda mrefu sasa ameiweka chini. "Dada, nisamehe. Nilimpenda mama yako. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wote. Ila hata wewe ulikula kwangu usiku ule. Sisi sote wawili tulinyamaza."

Spana alimwacha alie mpaka amalize. Akamsogezea kitambaa cha kufutia meza. Ndani yake alitafuta kitu ambacho kingejitokeza sasa, hasira au huruma, akakuta pamekauka. Alivuta fomu, akaisoma tangu mwanzo hadi mwisho kama vile hajawahi kuiona. Kisha akaandika, kwa mwandiko mzuri, akaigeuza ili fundi asome mwenyewe.

Kina cha bomba hakitoshi.

Fundi cherehani aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia kifuani, akaondoka bila kufunga mlango.

Alihama wiki hiyo hiyo. Wabebaji walikuja na mkokoteni, wakapakia kitanda, mafungu ya nguo na cherehani iliyozungushiwa godoro. Mtaa ulitoka kwenye vibaraza kumtazama, lakini hakuna aliyeshuka kumsaidia, maana Spana alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake, mikono mapajani, na fomu zao zilikuwa kwenye kabati lake. Alikwenda kupanga chumba upande wa pili wa mji, kwa binamu yake, mtaa ambao yeye mwenyewe alisema hakuupenda, ila una bomba uani.

Mwezi mmoja baadaye nyumba ile ikapata mpangaji mpya, mwalimu mwanamke kijana aliyehamishiwa shule ya karibu. Alikuja na masanduku mawili na furaha nyingi. Alikuwa amezunguka mitaa mitano, alisema, na huu ndio uliomvutia, kwa vile watu wanakaa nje. Aliuliza kuhusu maji. Spana akamwambia ajaze fomu asubuhi, na mchana akaja na kipimo chake, akainama juu ya mfereji, akapima, akaweka sahihi, akafungua valvu kwa spana yake. Maji yakatoka kwa nguvu. Bomba lilikuwa lile lile, kwenye kina kile kile.

"Jamani dada," mwalimu akasema, viganja vimejaa maji, "kumbe nimepata jirani wa kweli."

"Karibu," Spana akamwambia, akafuta spana yake kwenye sketi.